Kuanza Kazi ya Reli Ukiwa Mhitimu: Mwongozo Kamili wa Kuingia Kwenye Miundombinu na Uendeshaji wa Treni Tanzania

Kila mara usaili wa nafasi za reli unapokamilika, napokea ujumbe unaofanana kutoka kwa vijana waliohitimu uhandisi, usafirishaji na lojistiki. Wengine waliomba wasiitwe kabisa. Wengine waliitwa wakaishia kwenye mtihani wa mchujo. Nimesoma barua zao za maombi moja baada ya nyingine, na ninaweza kusema bila kusita kwamba vyeti vyao si vibaya. Wanaanguka kwa sababu wanaomba "kazi ya reli" bila kujua wanaomba kazi ipi ndani ya reli, na kwa sababu hawajawahi kukanyaga njia ya treni wakiwa na daftari mkononi.

Mwongozo huu unamhusu mhitimu wa shahada au stashahada anayetaka kuanzia kwenye miundombinu au uendeshaji wa treni nchini Tanzania. Msomaji wa Kenya atapata sehemu yake katika Hatua ya 8. Usiruke hatua, kwa kuwa kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Namba ya Kitambulisho cha Taifa kutoka NIDA. Bila hiyo huwezi kujisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.
- Cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au cheti cha stashahada kwa waliopitia njia hiyo.
- Cheti cha shahada pamoja na transkripti. Matangazo ya Serikali husema wazi kwamba taarifa za matokeo za muda hazikubaliki badala ya cheti chenyewe.
- Uthibitisho wa TCU, NACTVET au NECTA kwa aliyesoma nje ya nchi.
- Wasifu wenye majina na mawasiliano ya wadhamini watatu wanaokufahamu kikazi au kimasomo.
- Namba ya usajili ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), kwa wahandisi.
- Buti za usalama, reflekta, helmeti, futi ya chuma na daftari lenye jalada gumu.

Kundi hilo la mwisho huwashangaza wengi, nao huliacha hadi waajiriwe. Utalihitaji mapema, kwenye Hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua idara kabla ya kuandika chochote

Shirika la Reli Tanzania (TRC) halina nafasi moja iitwayo "mhandisi wa reli" inayojumuisha kila kitu. Reli ni idara kadhaa zinazotegemeana, na kila idara ina lugha yake, vifaa vyake na aina yake ya usaili.

Idara ya njia hushughulika na tuta, kokoto, mataruma, yaani mihimili inayolala chini ya reli na kuzishikilia, reli zenyewe, madaraja na makalvati. Hapa ndipo mhitimu wa uhandisi wa ujenzi anapohitajika. Idara ya ishara na mawasiliano hushughulika na taa za njiani, mitambo ya pointi, yaani pale treni inapohamishwa kutoka njia moja hadi nyingine, pamoja na redio na nyaya za mawasiliano. Inamfaa mhitimu wa elektroniki, mawasiliano ya simu au kompyuta. Kwenye SGR, yaani reli mpya ya kisasa inayotumia umeme, kuna pia watu wa umeme wa treni, ambao kazi yao ni vituo vya kupoza umeme na waya wa juu wenye volti 25,000. Watu wa mitambo hutunza vichwa vya treni na mabehewa kwenye karakana.

Idara ya uendeshaji ndiyo inayoamua treni gani itangulie, ipishane na nyingine wapi, ibebe nini na ifike saa ngapi. Wahitimu wa usafirishaji na lojistiki kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) hufiti zaidi hapa, ingawa wahitimu wa fani nyingine pia hupata nafasi kadiri tangazo linavyoelekeza.

Kwa nini uchague mapema: Barua inayosema "niko tayari kufanya kazi yoyote itakayopatikana" humwambia msomaji kwamba mwombaji hajaelewa kazi yenyewe. Mtihani wa mchujo nao hutungwa kwa nafasi maalumu, kwa hiyo huwezi kujiandaa kwa idara zote tano kwa wakati mmoja.

Tahadhari: Usichague uendeshaji kwa kudhani ni kazi ya ofisini. Mkuu wa stesheni na mwongozaji wa treni hufanya kazi kwa zamu, usiku na sikukuu, na kosa la dakika moja kwenye meza yake linaweza kukutanisha treni mbili kwenye njia moja.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kueleza kwa sentensi mbili, bila kusoma popote, kazi ya siku moja ya mtu aliye kwenye nafasi unayoiomba.

## Hatua ya 2: Ujue mtandao unaouombea

Tanzania ina njia za reli za aina tatu kwa upana, na mwombaji anayezichanganya hujulikana mara moja.

Reli ya zamani ya TRC, ambayo wengi huiita MGR, ina upana wa milimita 1,000. Inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma na Mwanza kupitia Tabora, ina matawi ya Mpanda na Singida, na upande wa kaskazini inakwenda Tanga, Moshi na Arusha. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 2,700. TAZARA, inayomilikiwa na Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067 na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. SGR ina upana wa milimita 1,435, inatumia umeme, na imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa kwa treni za abiria na 120 kwa treni za mizigo. Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na zikafika Dodoma Julai mwaka huohuo.

Tofauti hizi hubadilisha kazi yenyewe. Kwenye SGR reli zimeungwa kwa kuchomelewa na kuwa kipande kimoja kirefu, kwa hiyo adui mkubwa wa mhandisi wa njia ni joto. Chuma cha reli chenye urefu wa kilomita moja, kikiachwa huru, hurefuka kwa takriban sentimita 35 joto lake linapopanda kwa nyuzi 30. Reli iliyofungwa kwenye mataruma haina pa kurefukia, hivyo nguvu hiyo hubaki ndani yake, na kokoto zikiwa pungufu pembeni njia inaweza kupinda ghafla mchana wa jua kali. Kwenye MGR kuna maeneo yenye viungo vingi vya reli, na huko adui ni viungo vilivyolegea na maji yasiyo na pa kutokea.

Uongozaji nao unatofautiana. SGR hutumia mfumo wa Ulaya wa kuongoza treni uitwao ETCS, daraja la 2, ambamo dereva hupokea kibali cha kwenda kwenye skrini iliyo mbele yake kupitia redio. Kwenye MGR kibali bado hutegemea sana mawasiliano kati ya stesheni na stesheni, na uaminifu wa watu wawili walio pande mbili za njia moja.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuchora kwa mkono mtandao wa reli unayoiomba na kuweka stesheni zake kubwa mahali pake. Kwa SGR, anza na Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu na Dodoma.

## Hatua ya 3: Nyoosha majina na nyaraka zako

Hatua hii ni fupi na inachosha, lakini ndiyo inayowatoa wengi kabla mtu hajasoma barua zao.

Weka vyeti vyako vyote mezani, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, kisha linganisha majina herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya mfumo. Jina la kati lililoandikwa kwa herufi moja kwenye cheti cha kidato cha nne na kwa ukamilifu kwenye shahada nalo ni tatizo. Tofauti ikiwapo, nenda kwa wakili ukaandikiwe hati ya kiapo cha majina na kuisajili rasmi, na uanze mapema kwa sababu usajili huchukua muda.

Baada ya hapo, peleka nakala zikathibitishwe na wakili, zichanganue kwa ubora unaosomeka, na uzipakie kwenye akaunti yako ya Ajira Portal hata kama hakuna tangazo kwa sasa. Mfumo huelemewa siku ya mwisho ya tangazo, na nimewaona vijana wazuri wakikosa nafasi kwa sababu cheti kimoja kilikataa kupakia saa tano usiku.

Umefanikiwa ikiwa: wasifu wako kwenye mfumo umekamilika na kilichobaki ni kuambatisha barua tu.

## Hatua ya 4: Nenda njiani

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Nilipomaliza chuo nilidhani naijua njia ya reli, kwa kuwa nilikuwa nimefaulu somo lake. Wiki yangu ya kwanza uwandani nilipelekwa kwa genge la matengenezo, na mzee mmoja aliyekuwa na miaka mingi kwenye kazi ile akaniambia, "Injinia, piga magoti." Nilipiga magoti juu ya kokoto za moto, akanielekeza niweke jicho usawa wa kichwa cha reli na nitazame mbele. Pale nilipokuwa nikiona njia iliyonyooka nikaona bonde dogo kwenye kiungo, kama kitambaa kilichokunjwa. Treni ya mizigo ilipokaribia tulisogea pembeni. Kila ekseli ilipopita juu ya kiungo kile, taruma lilizama na kupanda, na maji ya tope jeupe yakaruka kutoka chini yake. Yule mzee akaniuliza, "Umeona inavyohema?" Kokoto za mahali pale zilikuwa zimechakaa na kuwa unga, maji yamekwama, tuta limelainika. Nilichokuwa nimesoma kwa muhula mzima nilikielewa kwa treni moja.

Kuna milango mitatu halali ya kufika huko.

Wa kwanza ni mafunzo kwa vitendo ukiwa bado chuoni. Omba barua ya utambulisho kutoka chuoni, iandikie Ofisi ya Mkurugenzi Mkuu wa TRC au uongozi wa TAZARA, na utaje idara na mahali unapotaka. Taja Morogoro, Dodoma, Tabora au Mbeya, usitaje Dar es Salaam peke yake. Wanaoomba Dar es Salaam ni wengi mno, na kazi kubwa ya njia iko mbali na jiji.

Wa pili ni mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, yanayoratibiwa na Serikali kupitia huduma zake za ajira (TaESA). Jisajili huko mara tu unapopata cheti.

Wa tatu ni kozi za Taasisi ya Teknolojia ya Reli Tanzania, yenye kampasi Tabora na Morogoro. Wapo wahitimu wa shahada wanaoona aibu kurudi darasani pamoja na wanafunzi wa cheti. Naomba uiweke aibu hiyo pembeni. Kanuni za uendeshaji wa treni hazifundishwi kwa kina kwenye shahada nyingi, ilhali kazini ndizo zinazotangulia kila kitu.

Ukiwa uwandani, jaza daftari kila siku. Andika tarehe, kilomita, kilichoonekana, kipimo, kilichofanyika na jina la msimamizi. Mfano mzuri ni huu: "Km 14/6, kiungo cha kushoto, reli imeshuka mm 12, kokoto zina tope, mtaro wa pembeni umeziba, umefunguliwa, kokoto zimebadilishwa kwenye mataruma manne, imepimwa tena baada ya treni mbili kupita." Daftari la kurasa 60 za namna hiyo litakusaidia kwenye usaili kuliko cheti cha semina yoyote.

Tahadhari ya usalama, isome mara mbili: Usiingie njiani bila kibali na bila mtu aliyeteuliwa kulinda kundi. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa hupita mita 44 kila sekunde moja, na huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Treni ya umeme pia hutoa sauti ndogo sana inapokuja. Chini ya waya wa SGR usinyanyue kitu chochote kirefu, iwe ngazi, bomba la chuma au hata mwavuli, kwa sababu umeme wa volti 25,000 huweza kuruka hewani na kumfikia mtu kabla hajaugusa waya. Usikanyage juu ya kichwa cha reli, kwani huteleza, na usiweke mguu kati ya reli mbili kwenye pointi, kwani hujifunga zenyewe.

Umefanikiwa ikiwa: una daftari lililojaa, lenye saini ya msimamizi, na unaweza kusimulia kasoro moja uliyoiona kwa macho yako tangu ilipogunduliwa hadi iliporekebishwa.

## Hatua ya 5: Jisajili ERB na uanze kuhesabu miaka

Kwa wahandisi, sheria haikuruhusu kujiita mhandisi bila usajili wa Bodi. Jisajili kama mhandisi mhitimu mara tu unapopata cheti, kisha uliza kuhusu mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi unaojulikana kama SEAP, unaomweka mhitimu chini ya mhandisi msimamizi kwa miaka mitatu hadi awe na sifa ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu.

Faida yake ni kwamba muda unaoutumia kwa mkandarasi au mhandisi mshauri wa mradi wa reli unahesabika, mradi umesimamiwa na kuandikwa ipasavyo. Wahitimu wanaosubiri ajira ya kudumu ndipo wajisajili hupoteza mwaka mmoja au miwili bila sababu.

## Hatua ya 6: Andika barua inayotaja njia, si ndoto

Barua ya maombi kwa nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira hupelekwa kwa Katibu, kwa anwani iliyo kwenye tangazo. Ni lazima iwe na saini yako. Barua isiyosainiwa haiendelei. Tumia lugha ambayo tangazo limeelekeza.

Aya ya kwanza itaje nafasi kwa jina lake kamili na kumbukumbu namba ya tangazo. Aya ya pili ndiyo inayobeba barua. Tazama mfano huu wa mwombaji wa idara ya njia:

"Katika mafunzo yangu ya miezi mitatu nilikuwa chini ya msimamizi wa njia katika kipande chenye mito inayofurika. Nilishiriki kupima upana wa njia na usawa wa reli kwenye kona sita, kukagua makalvati tisa kabla ya mvua, na kuandaa taarifa iliyotumika kupanga usafishaji wa mitaro. Naambatisha kurasa za daftari langu zilizosainiwa."

Ilinganishe na sentensi ninayokutana nayo kila siku: "Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mwombaji wa benki au wa hoteli, na msomaji haoni reli ndani yake.

Tahadhari: Usidai walichokifanya wenzako. Kwenye usaili utaulizwa ulikipimaje, kwa kifaa gani, na ulipata namba gani.

## Hatua ya 7: Jiandae kwa usaili wa aina tatu na vipimo vya afya

Usaili wa utumishi wa umma kwa kawaida huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, baadhi ya kada hufanya usaili wa vitendo, kisha huja mahojiano ya ana kwa ana. Nenda na vyeti halisi, na majina yake yawe yaleyale uliyoyaombea.

Kwa mchujo wa idara ya njia, rudia hesabu za msingi hadi uzifanye bila kusita. Kwa mfano, reli ya nje kwenye kona huinuliwa ili treni isivutwe nje. Kwenye njia ya milimita 1,435, tunachukua milimita 1,500 kama umbali kati ya vitovu vya vichwa vya reli, tunazidisha kwa mwendo wa treni uliozidishwa kwa wenyewe, kisha tunagawa kwa 127 mara nusukipenyo cha kona. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa na kona ya mita 1,000 utapata takriban milimita 118. Jua pia kwa nini kiasi hicho hakiwekwi chote kwenye njia inayotumiwa na treni za abiria na za mizigo kwa pamoja: treni nzito inayokwenda polepole ingelemea reli ya ndani na kuila.

Kwa uendeshaji, fanya hesabu za uwezo wa njia moja. Ikiwa treni huchukua dakika 20 kati ya stesheni mbili, na dakika 5 hutumika kupanga njia na kutoa kibali, kila treni inashika kipande hicho kwa dakika 25. Siku ina dakika 1,440, hivyo kwa pande zote mbili treni haziwezi kuzidi 57, na kiutendaji ni pungufu sana kwa sababu ya matengenezo na ucheleweshaji. Anayeweza kueleza hivyo, kisha akasema atakiongezaje kiwango hicho kwa kujenga njia ya kupishania katikati, ameonyesha kwamba anafikiri kama mwongozaji wa treni.

Kwenye mahojiano swali linalowaangusha wengi huja kwa sura hii: "Dereva ameripoti kwamba treni iliyumba kwa nguvu kilomita fulani. Utafanya nini?" Wengi hukimbilia kusema watakwenda kupima njia. Jibu hilo limechelewa. Kwanza unailinda treni inayofuata, kwa kuisimamisha au kuipunguzia mwendo kupitia chumba cha uongozaji treni. Pili, unahakikisha taarifa imeandikwa na kupokelewa. Tatu, ndipo unakwenda kukagua na kupima. Nne, unarekebisha au unaweka kikomo cha mwendo chenye alama njiani. Tano, unapima tena na kuondoa kikomo kwa maandishi. Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa kazi yote ya reli, na wasaili husikiliza kama usalama umetangulia mdomoni mwako bila kukumbushwa.

Usisahau kujua nani anafanya nini. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inadhibiti usalama na huduma za reli, na TRC ndiyo inayomiliki na kuendesha njia zake.

Kuhusu afya, nafasi zinazohusu usalama wa treni huhitaji macho mazuri na uwezo wa kutofautisha rangi. Pima mapema kwenye kliniki ya macho. Asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani hafai kuendesha treni wala kufuata taa za njia, lakini bado ana nafasi kwenye usanifu, mipango au ununuzi. Ni bora ajue leo kuliko baada ya kupoteza miaka miwili akiomba nafasi isiyomfaa.

Umefanikiwa ikiwa: umefanya usaili wa majaribio na mtu anayefanya kazi reli, naye amekuuliza maswali hadi ukakwama, ukaenda kusoma pale ulipokwama.

## Hatua ya 8: Gonga milango mingine wakati unasubiri

Nafasi za TRC hazitangazwi kila mwezi. Miradi ya SGR ndiyo darasa kubwa kuliko yote kwa sasa: kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki ilipewa vipande kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, na makampuni ya Kichina yakapewa Mwanza hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma. Wakandarasi huajiri wapimaji, wahandisi wa tovuti, wakaguzi wa ubora na maofisa usalama kwa mikataba. Malalamiko ya kweli kuhusu kazi hizi ni kwamba mikataba ni mifupi na kambi ziko mbali. Hata hivyo, mwaka mmoja wa kusimamia umwagaji wa kokoto na uchomeleaji wa reli ni uzoefu ambao ofisi ya mjini haiwezi kukupa. Soma mkataba wako kabla ya kusaini, hakikisha umeandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na udai barua ya uzoefu siku unapoondoka.

Kwa TAZARA, kumbuka ni mamlaka ya nchi mbili, na chuo chake cha mafunzo kiko Mpika, Zambia. Kiingereza cha kazi kinahitajika kila siku.

Kwa msomaji wa Kenya, hatua za kuchagua idara, kwenda njiani na kujiandaa kwa usaili ni zilezile. Mwajiri mkuu ni Shirika la Reli la Kenya, chuo ni Taasisi ya Mafunzo ya Reli jijini Nairobi, na usajili wa wahandisi uko chini ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Andaa mapema vyeti vya uadilifu, yaani cha mwenendo mwema, cha kodi kutoka KRA, cha mkopo wa HELB, cha EACC na cha taarifa za mikopo. Tambua pia kwamba treni za SGR ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, zinavutwa kwa dizeli, hivyo fundi wa waya wa juu atapata nafasi zaidi Tanzania kuliko huko.

## Hatua ya 9: Tumia vizuri mwaka wa matazamio

Ukipata barua ya ajira, ripoti kituoni ndani ya siku zilizoandikwa. Ajira ya kudumu ya utumishi wa umma huanza na matazamio ya miezi 12, na mwaka huu wa kwanza utapangwa mahali ambapo pengine hujawahi kufika.

Nakusihi usianze kutafuta uhamisho mwezi wa kwanza. Ukipangwa kipande kama cha Kilosa hadi Gulwe, ambako mafuriko ya mito yamekata reli ya zamani mara nyingi, utajifunza kuhusu maji, tuta na madaraja kwa msimu mmoja wa mvua mambo ambayo aliyebaki makao makuu hatayajua kwa miaka mitano. Msalimu mkuu wa genge kabla ya kumtuma. Wengi wao ni watu wazima waliotembea kipande hicho kwa miguu kwa miaka mingi, na wanajua kalvati lipi huziba kwanza. Muulize mzee huyo, kisha pima, kisha andika.

Panga miezi yako hivi. Miezi mitatu ya kwanza, tembea kipande chako chote kwa miguu pamoja na mkaguzi wa njia, na uandike kila daraja, kalvati, kona na pointi. Mhitimu wa uendeshaji afanye vivyo hivyo kwa stesheni: akae zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na asome kitabu cha kanuni cha shirika lake hadi akiulizwa kifungu ajue ukurasa. Miezi mitatu inayofuata, chukua kasoro moja inayojirudia, fuatilia chanzo chake, na uandike taarifa ya kurasa mbili yenye vipimo vya kabla na baada. Miezi sita ya mwisho, omba kukaa angalau wiki mbili kwenye idara jirani. Mtu wa njia akikaa kwenye chumba cha uongozaji treni ataelewa kwa nini ombi lake la kufungiwa njia kwa saa nne lilikataliwa, na mwongozaji akitembea na genge juani ataelewa kwa nini saa mbili hazitoshi kubadilisha reli iliyopasuka.

Umefanikiwa ikiwa: mwezi wa kumi na mbili simu inapopigwa usiku kwamba maji yamefika kwenye tuta, unajua ni kilomita ngapi, ni kalvati lipi, treni ipi iko karibu na iko stesheni gani, na nani wa kumwamsha, kabla hujavaa buti.